Vikwazo Dhidi ya Uharamia wa Baharini: Namna ya Kumfikia Mfadhili Aliye Nchi Kavu

Lengo la somo

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wakazi wa mwambao wa mipakani, kuanzia visiwa vya Wabajuni upande wa kaskazini hadi vijiji vya mlango wa mto Ruvuma upande wa kusini. Linawahusu wavuvi, manahodha, wafanyabiashara, wazee wa mitaa na kamati za ulinzi shirikishi. Linakusudia kueleza silaha moja ambayo serikali huitumia dhidi ya uharamia bila kufyatua risasi, nayo ni vikwazo.

Wengi wetu hulisikia neno hilo redioni tukadhani ni ugomvi wa mataifa makubwa usiotugusa. Sivyo. Kikwazo kilichoelekezwa vizuri humwondolea mvuvi wa kawaida mzigo wa kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Kikielekezwa vibaya, mvuvi huyo huyo huwa wa kwanza kuumia. Kati ya hali hizo mbili, kinacholeta tofauti ni taarifa sahihi, na sehemu kubwa ya taarifa hiyo imo mikononi mwa watu wanaoishi pwani na mpakani.

1. Uharamia ni kosa gani?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaueleza uharamia kuwa ni tendo la nguvu, la kuzuilia watu au la uporaji, linalofanywa kwa manufaa binafsi na watu waliomo katika chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, nje ya maji ya nchi yoyote. Maji ya nchi huishia maili 12 za baharini kutoka pwani. Tendo hilo hilo likifanyika ndani ya maili hizo huitwa unyang'anyi wa kutumia silaha dhidi ya meli, na mwenye mamlaka ya kulishughulikia ni nchi husika.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Katika bahari kuu, manowari ya taifa lolote yaweza kumkamata haramia. Ndani ya maji ya nchi haiwezi kufanya hivyo bila idhini. Maharamia wa Somalia waliifahamu mipaka hiyo barabara. Waliivamia meli mbali, kisha wakaipeleka karibu na pwani, ambako hapakuwa na dola yenye nguvu ya kuwafuata tangu serikali kuu ilipoanguka mwaka 1991. Ndiyo sababu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa Azimio 1816 la tarehe 2 Juni 2008, liliziruhusu nchi zinazoshirikiana na serikali ya mpito ya Somalia kuingia katika maji yake na kuwafuatia wahalifu hao.

Wala tusidhani kwamba waliodhurika walikuwa matajiri wa mbali peke yao. Mwezi Juni 2005 meli Semlow, iliyokuwa ikifanya safari zake kutoka Mombasa, ilitekwa ikiwa na mchele wa msaada uliokuwa ukipelekwa Somalia na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mabaharia wake 10, wengi wao Wakenya pamoja na Mtanzania mmoja, walishikiliwa kwa takriban siku 100. Mwishoni mwa mwaka 2010 meli ya uvuvi Vega 5 ilitekwa katika maji ya Msumbiji, ikatumiwa na maharamia kama chombo cha kushambulia meli nyingine, hadi Jeshi la Wanamaji la India lilipoikomboa mwezi Machi 2011. Waliokuwa wakinyang'anywa chakula, ajira na uhuru walikuwa watu wetu.

2. Mwenye bunduki na mwenye fedha

Anayeonekana katika picha za uharamia ni kijana aliyekonda, mwenye bunduki mkononi, ndani ya mashua ndogo yenye kasi. Kijana huyo ni mwisho wa mnyororo mrefu. Safari moja ya uharamia huhitaji mashua, injini zenye nguvu, mapipa ya mafuta, ngazi zenye kulabu, vifaa vya kuonyesha njia, simu za setilaiti, silaha, chakula cha majuma kadhaa na, meli ikishatekwa, walinzi, wapishi na mkalimani wa kufanya mazungumzo na mwenye meli. Mavuvi ya ngalawa hayawezi kulipia gharama hizo. Yupo mtu anayetanguliza fedha.

Mwezi Novemba 2013, Benki ya Dunia, Interpol na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya na Uhalifu zilitoa taarifa ya pamoja kuhusu njia za fedha hizo. Ilieleza kuwa kati ya Aprili 2005 na Desemba 2012 meli 179 zilitekwa katika pwani ya Somalia na Pembe ya Afrika, na kwamba vikombozi, yaani fedha zilizolipwa ili mateka waachiwe, vilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 339 hadi 413. Kijana aliyepanda melini alipata dola 30,000 hadi 75,000 kwa meli moja. Aliyetangulia kupanda, au aliyekuja na silaha yake au ngazi yake, aliongezewa hadi dola 10,000. Kutokana na fungu hilo alikatwa gharama ya chakula na miraa aliyokuwa ameikopa katika muda wote wa kulinda mateka. Mfadhili alichukua asilimia 30 hadi 75 ya kikombozi.

Tufanye hesabu ndogo. Kikombozi kikiwa dola milioni 3 na mfadhili akachukua nusu, anaondoka na dola milioni 1.5 pasipo hata kulowa maji ya chumvi. Mwezi Januari 2009, baada ya meli kubwa ya mafuta Sirius Star kuachiwa kwa kikombozi, baadhi ya maharamia walizama pamoja na fungu lao mashua yao ilipopinduka wakirejea pwani. Aliyezama ni kijana, na mwenye fungu kubwa alikuwa amekaa nchi kavu.

Hapa ndipo udhaifu wa kutegemea manowari pekee unapoonekana. Manowari humkamata kijana, na mfadhili hutafuta mwingine. Maadamu ufukara upo na fedha za kumtuma zipo, atapatikana wa kutumwa. Kinachohitajika ni chombo cha kumfikia yule asiyepanda mashua.

3. Vikwazo ni nini, na si nini

Vikwazo ni hatua za kisheria ambazo Umoja wa Mataifa au serikali moja moja huzichukua ili kumzuia mtu, kundi au nchi kuendelea na mwenendo unaohatarisha amani. Katika habari ya uharamia, aina nne zinatuhusu.

Ya kwanza ni kuzuia mali. Mali ya aliyetajwa haitaifishwi. Inabaki kuwa yake, ila hawezi kuiuza, kuihamisha wala kuitumia, na benki au mfanyabiashara haruhusiwi kumpatia fedha au rasilimali, moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine.

Ya pili ni kuzuia safari, ambapo nchi wanachama hutakiwa kutomruhusu aliyetajwa kuingia wala kupita katika ardhi yao.

Ya tatu ni marufuku ya silaha. Somalia iliwekewa marufuku hiyo kwa Azimio 733 la mwaka 1992.

Ya nne ni marufuku ya bidhaa inayowanufaisha wahalifu. Mfano ni mkaa wa Somalia, uliopigwa marufuku kwa Azimio 2036 la mwezi Februari 2012 kwa kuwa biashara yake ilikuwa ikilijaza hazina kundi la Al-Shabaab. Nahodha anayepakia shehena ya mkaa huo, hata kama hajui habari za maazimio, anaweza kukipoteza chombo chake.

Inafaa kusisitiza mambo matatu ambayo vikwazo vya namna hii si. Havilengi kabila, dini wala kijiji, bali hutaja jina la mtu au la kundi. Havikusudiwi kumuua mtu kwa njaa: Azimio 1844 la mwaka 2008 linaruhusu aliyetajwa kupatiwa fedha za chakula, kodi ya nyumba, dawa na wakili, na hata marufuku ya safari inaweza kulegezwa kwa ajili ya wajibu wa kidini. Tena si vya milele. Mwezi Desemba 2023 Baraza la Usalama liliiondolea serikali ya Somalia marufuku ya silaha iliyodumu zaidi ya miaka 30, likaibakiza kwa Al-Shabaab. Aidha, anayeamini kuwa jina lake limeingizwa orodhani kimakosa anayo njia ya kuomba liondolewe kupitia ofisi maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyoanzishwa mwaka 2006.

4. Somalia, 2008 hadi 2010: kikwazo kinapotafuta shabaha

Mwaka 2008 uharamia ulifikia kiwango kilichoishtua dunia. Tarehe 25 Septemba ilitekwa meli Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa ikiwa na vifaru 33. Ilishikiliwa zaidi ya miezi minne na kuachiwa Februari 2009 kwa kikombozi cha dola milioni 3.2. Tarehe 15 Novemba ikafuata Sirius Star, mali ya Saudi Arabia, iliyovamiwa mbali sana kusini-mashariki mwa pwani ya Kenya. Siku 5 baadaye, tarehe 20 Novemba 2008, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 1844, lililoanzisha utaratibu wa kuzuia mali na safari za watu wanaohatarisha amani ya Somalia, wanaovunja marufuku ya silaha au wanaozuia misaada ya kibinadamu.

Tarehe 12 Aprili 2010 Kamati ya Vikwazo ilitoa orodha yake ya kwanza. Humo mlikuwa na viongozi wa makundi yenye silaha, wafanyabiashara wa silaha na Al-Shabaab. Siku hiyo hiyo Rais wa Marekani alitia saini Amri ya Utendaji namba 13536, ambayo orodha yake ilitaja pia viongozi wawili mashuhuri wa maharamia: Abshir Abdillahi, maarufu kwa jina la Boyah, na Mohamed Abdi Garaad. Wawili hao hawakuwamo katika orodha ya Umoja wa Mataifa.

Kwa nini orodha moja iwataje maharamia na nyingine iwaache? Jibu linahusu kikombozi, jambo ambalo ni mtihani mgumu kuliko yote katika somo hili.

5. Mtihani wa kikombozi

Kumpa fedha mtu aliyewekewa vikwazo ni kuvunja sheria. Kikombozi nacho ni fedha anazopewa haramia. Basi haramia akiwekewa vikwazo, je, mwenye meli anayelipa ili mabaharia wake waachiwe naye amekuwa mhalifu? Baada ya amri ya Marekani, swali hilo liliwasumbua wenye meli na kampuni za bima. Mwenye meli hakujua kwa yakini nani yuko nyuma ya sauti anayozungumza nayo kwa simu ya setilaiti. Kama ni Boyah au Garaad, malipo yangeweza kumfikisha mahakamani.

Hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Mwezi Mei 2011 dola milioni 3.6 taslimu, zilizokusudiwa kuwa kikombozi, zilikamatwa katika uwanja wa ndege wa Mogadishu. Wageni 6 waliozileta walihukumiwa kifungo na mahakama ya huko, kisha wakasamehewa na Rais wa Somalia.

Wako wanaosema kuwa kikombozi kingepigwa marufuku kabisa, biashara ya uharamia ingekufa. Hoja hiyo ina uzito, kwani kila malipo hugharamia shambulio lijalo. Walakini tuitazame kwa jicho la baharia fukara. Meli Iceberg 1 ilitekwa tarehe 29 Machi 2010. Mwenye meli hakutoa kikombozi, na mabaharia wake, kutoka nchi kama Yemen, India, Ghana, Sudan na Pakistan, walibaki mateka hadi tarehe 23 Desemba 2012, walipokombolewa na vikosi vya Puntland. Walikaa karibu miaka mitatu katika mateso, na si wote waliorejea. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Marufuku ya kikombozi isiyoambatana na njia nyingine ya kuwaokoa mateka humwacha mnyonge akimlipia mwenye nguvu.

Funzo ni kwamba kikwazo hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya utekaji na baada yake kuliko katikati yake. Kabla, humnyima mfadhili uwezo wa kununua injini, mafuta na silaha. Baada, humnyima raha ya kutumia alichokipata. Katikati, mateka wakiwa wameelekezewa bunduki, kinaweza kuwaumiza wasio na hatia. Ndiyo maana mkazo ulihamia kwenye njia za fedha. Azimio 1976 la mwezi Aprili 2011 lilizitaka nchi ziutambue uharamia kuwa kosa la jinai katika sheria zao, na likasisitiza haja ya kuwachunguza na kuwashitaki wanaoufadhili, wanaoupanga na wanaonufaika nao.

6. Kikwazo si hukumu

Kikwazo hufunga mlango, lakini hakimpeleki mtu gerezani. Kazi hiyo ni ya mahakama, na mahakama hutaka ushahidi.

Mwezi Januari 2006 maharamia 10 walikamatwa na manowari ya Marekani na kufikishwa mahakamani Mombasa. Mwaka huo huo walihukumiwa kifungo cha miaka saba kila mmoja. Hao walikuwa wale wa mashuani. Kumpata mkubwa wao kulihitaji subira zaidi. Mohamed Abdi Hassan, maarufu kwa jina la Afweyne, alihesabiwa miongoni mwa waasisi wa uharamia uliopangwa kama biashara. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofuatilia vikwazo vya Somalia waliripoti mwaka 2012 kuwa alisafiri akiwa na hati ya kidiplomasia. Mwanzoni mwa mwaka 2013 alitangaza hadharani kuwa amestaafu uharamia.

Polisi wa Ubelgiji hawakumsahau. Mwezi Aprili 2009 maharamia waliiteka Pompei, meli ya Ubelgiji ya kuchimba mchanga baharini. Polisi hao walijifanya watengenezaji wa filamu inayosimulia maisha yake, wakamwalika kuwa mshauri. Tarehe 12 Oktoba 2013 alitua Brussels akitokea Nairobi, akakamatwa. Mwezi Machi 2016 mahakama ya Bruges ilimhukumu kifungo cha miaka 20.

Tujifunze mambo mawili hapo. Kwanza, mkuu wa maharamia alisafiri kwa ndege na hati za heshima, si kwa mashua. Pili, kilichomfunga ni kumbukumbu zilizohifadhiwa kwa uangalifu: nani alizungumza na nani, nani alilipwa, nani alikuwapo. Taarifa inayotosha kumweka mtu katika orodha ya vikwazo ni mwanzo tu, na pasipo mashahidi haifiki mbali.

Tuseme kweli pia kuhusu matokeo. Mashambulio yaliyohusishwa na maharamia wa Somalia yalikuwa 237 mwaka 2011, yakashuka hadi 75 mwaka 2012 na 15 mwaka 2013. Vikwazo peke yake havikuleta ushindi huo. Doria za manowari, walinzi wenye silaha melini, mahakama za ukanda wetu na wazee wa pwani ya Somalia waliowakataa maharamia mijini mwao, wote walichangia. Vikwazo vilikuwa uzi mmoja katika kamba. Na kamba hiyo ikilegea, uhalifu hurudi. Tarehe 14 Desemba 2023 ilitekwa meli Ruen, ikashikiliwa hadi Jeshi la Wanamaji la India lilipoikomboa Machi 2024 na kuwatia mbaroni maharamia 35. Katika mwezi huo huo wa Machi ilitekwa meli Abdullah, iliyokuwa ikitoka Maputo na shehena ya makaa ya mawe. Mabaharia wake 23 waliachiwa mwezi Aprili.

7. Kikwazo kinapokosa shabaha

Yapo mambo mawili ambayo wakazi wa mpakani wanayajua kwa uchungu kuliko yanavyojulikana katika ofisi za miji mikuu.

La kwanza ni hawala. Fedha za uharamia zilipita katika njia nyingi: zilibebwa taslimu kuvuka mipaka, zilipita benki, zilijificha katika biashara, na zilitumwa kwa hawala. Taarifa ya mwaka 2013 tuliyoitaja iliona kuwa biashara ya miraa ilikuwa rahisi mno kutumiwa kuzisafisha, kwa kuwa fedha zake hazifuatiliwi ipasavyo. Je, kila anayetuma hawala au kuuza miraa ni mshirika wa haramia? Hasha. Hawala ndiyo karo ya mtoto, dawa ya mama na chakula cha mwezi kwa maelfu ya jamaa ambao benki haiwafikii. Mwezi Aprili 2015, baada ya shambulio la kigaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Mwezi Juni zikaruhusiwa tena. Katika kipindi hicho, waliokosa msaada walikuwa jamaa zisizohusika na shambulio lolote. Hatua ile ililenga ugaidi, si uharamia, lakini funzo ni lile lile: kuufunga mlango wote kwa sababu ya mwizi mmoja huwaacha nje na wenye nyumba.

La pili ni uvuvi. Baada ya utekaji wa wageni katika eneo la Lamu mwezi Septemba na Oktoba 2011, hoteli zilikosa watalii na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Mvuvi ambaye samaki wake hupatikana usiku alibaki akiitazama bahari. Hiyo ni adhabu ya jumla, na huja pale ambapo dola haijui mkosaji ni nani.

Methali yetu husema samaki mmoja akioza huoza wote. Kikwazo kinachotaja jina ni jitihada ya kumtoa samaki mmoja kapuni kabla wengine hawajaharibika. Lakini ili jina litajwe kwa haki, lazima pawe na ukweli uliothibitishwa. Hapo ndipo jukumu letu linapoanza.

8. Wajibu wa wakazi na wajibu wa polisi

Mkazi wa pwani haombwi awe mpelelezi. Anaombwa ayajue anayoyaona kila siku na atambue linapotokea lisilo la kawaida. Mashua yenye injini mbili au tatu kubwa, mapipa mengi ya mafuta na ngazi za kulabu, lakini haina wavu wala ndoana, haiendi kuvua. Mtu asiyejulikana kazi yake anayenunua viwanja, magari na vyombo kwa fedha taslimu, kisha akaviandikisha kwa majina ya wengine, anaficha jambo. Anayewakusanya vijana kwa ahadi ya kazi ya baharini yenye malipo makubwa, bila mkataba wala jina la meli, awaulizwe wazazi wao kabla hawajapanda.

Jihadhari zaidi na ombi la kuazimwa jina. Mtu akitaka kutumia kitambulisho chako, laini yako ya simu, akaunti yako au usajili wa mashua yako, anakufanya kuwa ngao. Sheria ya vikwazo humgusa pia anayemsaidia aliyetajwa kuificha mali. Ujira mdogo utakaopewa leo waweza kukuletea kesi kesho.

Ukiwa na taarifa, andika au ukariri siku, saa, mahali, rangi na namba ya chombo. Usimfuate mtu, usimkabili, wala usitangaze sokoni. Peleka taarifa kwa ofisa wa polisi jamii, kwa mwenyekiti wa kamati ya uvuvi au kwa mzee wa mtaa unayemwamini. Sema ulichokiona, na ukitenganishe na unachokidhania. Lafudhi, ukoo au upande wa mpaka aliotoka mtu si ushahidi. Mwenye kumsingizia jirani kwa sababu ya ugomvi wa shamba au deni naye anatenda kosa, na anaidhoofisha silaha ambayo siku moja ingemlinda.

Polisi nao wana wajibu wao. Wanapaswa kulitunza jina la mtoa taarifa, kuthibitisha kabla ya kukamata, kutotoza wala kudai chochote kwa anayekuja kusema, na kurudi kuwaeleza wananchi hatua iliyochukuliwa pale ambapo sheria inaruhusu. Mtu aliyetoa taarifa akaona jina lake limevuja hatasema tena, na kijiji chake chote kitajifunza kunyamaza.

Mpaka usiwe kichaka cha mhalifu. Kanuni za Mwenendo za Djibouti, zilizotiwa saini tarehe 29 Januari 2009, zilianzisha vituo vya kubadilishana taarifa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a, na marekebisho ya Jeddah ya mwaka 2017 yakayajumuisha makosa mengine ya baharini, yakiwamo uvuvi haramu na usafirishaji wa binadamu. Kwa njia hiyo, neno lililosemwa katika kijiji cha upande mmoja laweza kumfikia mlinzi wa upande wa pili kabla chombo hakijavuka.

Hitimisho

Uharamia hulishwa na fedha, na fedha hukaa nchi kavu, miongoni mwa watu. Vikwazo ni njia ya kuzifuata huko. Nguvu yake ni kutaja jina, na hatari yake ni kukosea jina. Serikali ina sheria, benki zina kumbukumbu, na manowari zina macho ya mbali. Lakini anayejua ni mashua ipi imeng'oa nanga usiku bila nyavu ni jirani aliyelala karibu na bandari. Akiongea kwa ukweli na akalindwa, mkosaji mmoja atazuiwa na kijiji kizima kitaendelea kuvua.

Maswali ya kujadili barazani

1. Eleza tofauti kati ya uharamia katika bahari kuu na unyang'anyi wa kutumia silaha ndani ya maji ya nchi. Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu kwa mvuvi wa mpakani?

2. Kijana wa kijijini kwenu ameahidiwa kazi ya meli isiyojulikana jina. Wazazi wake waulize mambo gani?

3. Je, ni haki kuwakataza wenye meli kulipa kikombozi? Jadilini kwa kuzingatia baharia, familia yake, na baharia atakayetekwa kesho.

4. Ni mambo gani yanayowafanya wakazi wa eneo lenu waogope kutoa taarifa? Polisi wafanye nini ili woga huo upungue?

5. Taja hatua moja ya kiusalama iliyowahi kuwaumiza wasio na hatia katika eneo lenu. Ingeelekezwaje ili imguse mkosaji peke yake?